Herufi Ishirini na Moja

Maabara, 4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Kaa kwanza, weka hiyo saa chini. Najua unasoma barua yangu huku umeshika koleo.

Wameturuhusu. Baada ya miaka kumi na minne, kamati imesema seli zetu zinaweza kuingia kwenye jicho la mtu. Barua ilifika nikiwa chumba cha ndani, glavu hadi viwikoni, na kule haiingii karatasi ya nje. Binti wa mapokezi akanisomea kupitia kioo cha mlango. Nilimwambia arudie, akarudia. Nikamwomba tena, akasema, "Daktari, nina kazi nyingine."

Unajua nilikotoka. Mwaka mzima wa kuosha vyombo vya wenzangu. Kisha miaka ya kuchukua seli ya ngozi na kuirudisha utotoni, mpaka isahau kwamba iliwahi kuwa ngozi na iwe tayari kuwa chochote, moyo au ini au neva. Hizo ndizo seli shina ninazokuchosha nazo kila mwaka. Halafu ikaja kazi ya kuzibembeleza ziwe lile tabaka la nyuma ya jicho, lililomfia baba na linalokufia wewe. Sahani mia tatu ziliharibika kabla ya moja kukubali. Siku ilipokubali, seli zilianza kukolea rangi ya kahawia taratibu, kama chai, na mimi nikakaa sakafuni nikalia.

Sasa lile utakalolichukia. Wagonjwa ni sita tu, kwenye hospitali ya macho ya huko kwenu. Sisi watafiti hatupewi majina, tunapewa namba. Na ndugu wa mtafiti haruhusiwi kabisa. Niliuliza mara mbili, mara ya pili wakanikazia macho. Kwa hiyo jicho lako la kulia halimo, Kaka. Naona aibu kukuandikia hivyo.

Jambo jingine nakwambia wewe tu. Wafadhili wamesema waziwazi kwamba kama kati ya hao sita hakuna atakayeongeza herufi za maana kwenye ubao wa kupimia macho, wanafunga mlango. Miaka kumi na minne inaingia kabatini na mimi narudi kufundisha. Basi waombee hao sita.

Mdogo wako,
Kiherehere

*

Karakana, 19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa, na koleo nimeweka chini, umeridhika?

Hongera sana. Nimewatangazia kinyozi wa jirani na yule mama wa kutoa nakala. Kinyozi ameuliza kama seli zako zinaotesha nywele, maana wateja wenye vipara wanamletea lawama. Nimemwambia asubiri zamu yake.

Jicho langu lisikunyime raha. Kuna ukungu kidogo katikati, basi. La kushoto linafanya kazi ya mawili na halijalalamika. Saa zinakuja, saa zinaondoka. Sheria ni sheria, wala usiende kuuliza mara ya tatu, utaonekana mkorofi.

Nina swali la ujinga tu. Herufi za maana ni ngapi? Mtu akiongeza ngapi hao wafadhili wanatulia?

Wifi yako anakusalimu. Anasema unakonda kwenye picha.

Kaka yako

*

Maabara, 2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Swali si la ujinga. Tano ni habari njema. Kumi na tano, napanda juu ya meza ya mkuu wangu na viatu vyangu.

Mwambie wifi kamera ndiyo inayonikondesha.

Kiherehere

*

Maabara, 20 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nimepanda juu ya meza. Kweli kabisa, na viatu.

Wote sita wameshafanyiwa upasuaji na leo tumepata vipimo vya mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Wawili wameongeza herufi tatu tatu. Watatu wako palepale. Lakini mgonjwa wa nne, Kaka! Kabla ya upasuaji jicho lake la kulia halikusoma hata herufi moja. Sasa limesoma ishirini na moja, mfululizo, bila kukosa hata moja. Fundi wetu wa maabara, mzee mkavu ambaye sijawahi kumwona akicheka, alitoka nje akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Wafadhili walipiga simu wenyewe. Wanataka tuandae wagonjwa arobaini kabla ya mwaka kuisha. Arobaini! Jana nilikuwa naogopa kurudi kufundisha, leo nauliza tutapata wapi makabati ya kutosha ya joto, yale ya kukuzia seli.

Kuna kitu kimoja kinanikera. Picha za jicho lake hazifanani na usomaji wake. Tabaka limeshika, ndiyo, lakini kipande kidogo tu pembeni. Kwa kipande kile nisingetegemea ishirini na moja. Nilimwambia mkuu, akasema niache kujitafutia ugonjwa. Nikanyamaza, na kusema kweli nilinyamaza kwa raha.

Simjui huyo mtu, hata jina, lakini nampenda kama ndugu yangu.

Kiherehere wako, mwenye vumbi machoni

*

Karakana, 1 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera tena. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kufunga kifuniko cha saa ya mteja.

Nimekuwa nikifikiri kuhusu hao arobaini. Ni wengi, sivyo? Huwezi kuanza na kumi? Mtu mmoja anaweza kuwa na bahati yake tu. Na huyo wa nne, siku nyingine akipimwa akasoma pungufu, watakulaumu wewe au yeye? Nauliza tu, mimi fundi saa najua nini.

Kula vizuri.

Kaka yako

*

Nyumbani, 28 Septemba

Mpendwa wifi,

Hujambo? Mimi sijambo ila roho iko juu. Mume wangu ananikataza kukuandikia, ndiyo maana naandika akiwa karakana, na barua hii nitaipeleka posta mwenyewe.

Wifi, kaka yako nimeshindwa kumwelewa. Anakuandikia kwamba macho ni mazuri, najua, maana husoma kwa sauti anapoandika. Si kweli. Siku hizi anapokea saa za ukutani tu. Saa ndogo za akina mama anazikataa, anasema hazina vipuri. Juzi alimsalimia mtu wa kwenye bango la benki.

Mwezi wa tano alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Aliniambia ni mtoto wa jicho na akaniapisha nisikuambie, ati utaacha kazi uje. Nikauma ulimi. Lakini mtoto wa jicho gani wa kurudi hospitali kila mwezi na kumeza vidonge mezani pangu vya kunyamazisha kinga ya mwili? Nilisoma kikaratasi cha ndani ya boksi.

Na sasa kuna hili. Kila asubuhi akinyoa ndevu anafunika jicho la kushoto kwa kiganja, anatazama ukuta mtupu, anasema herufi. Mwanzo nilidhani ni dua. Nimeshazijua kwa moyo hata mimi: K, D, R, N, V, halafu C, H, S, O, Z, halafu anapumzika, anaendelea. Jana nilimsikia anazisema usingizini, wifi, hakukosea.

Wewe ndiye msomi. Hizo herufi ni za nini? Niambie kama mume wangu anachanganyikiwa, nijue nianzie wapi.

Wifi yako

*

Maabara, 5 Oktoba

Kaka,

Leo sikuamkii.

Nina karatasi ya mgonjwa wa nne mbele yangu. Mwanaume, miaka sitini na moja, jicho la kulia, upasuaji mwezi wa tano. Chini yake nesi ameandika herufi alizosoma, kwa mpangilio: K, D, R, N, V. Ziendelee mwenyewe, wewe unazijua kuliko mimi.

Nimemwambia mwenyekiti wa kamati jana, kabla ya kukuandikia wewe. Nilijua nikianza na wewe utanibembeleza na mimi nitalegea. Majaribio yamesimamishwa tangu saa nane mchana.

Mwenyekiti ameifungua fomu yako: ilikuuliza kama una ndugu kwenye utafiti, ukaandika hapana. Ukatumia jina la babu ili majina yetu yasigongane. Hilo tu lingetosha kuniharibia, na bado ningeweza kukusamehe, kwa sababu mtu anayepofuka hushika anachokiona. Lakini ishirini na moja, Kaka? Wangepasuliwa macho watu arobaini. Wangekuja na watoto wao wamewashika mkono, wakiamini kwamba kuna mtu mmoja alikuwa haoni na sasa anasoma. Wakati huo mtu mwenyewe amekariri.

Sasa sijui kama seli zangu zinafanya kazi au hazifanyi. Miaka kumi na minne, na sijui.

Niambie umefanyaje na niambie unaona nini hasa. Usinifurahishe. Nimechoka kufurahishwa.

Mdogo wako

*

Karakana, 16 Oktoba

Mdogo wangu,

Naandika kwa kutumia kipande cha boksi ambacho wifi yako amekitoboa mstari katikati, ili mistari isipandane. Kwa hiyo unaona, tumeshaacha kufichana humu ndani. Alilia, kisha akanitukana, kisha akatafuta mkasi.

Nilijiandikisha kwa sababu nilitaka kuona. Hilo ndilo la kwanza, nisijifanye mtakatifu. Nilijaza fomu kwa mkono wangu na ile hapana niliiandika nikijua.

La pili lilikuja bila kupangwa. Siku ya kipimo cha mwezi wa tatu, kioo kimoja cha kuonyeshea herufi kilikuwa kibovu, wakabaki na ubao mmoja kwa macho yote mawili. Nesi akafunika jicho la kulia kwanza, nikasoma kwa la kushoto, polepole lakini nikasoma. Kisha akahamisha kifuniko. Ubao ukabaki palepale. Nilitazama kwa jicho la kulia nikaona weupe tu, na katikati ya weupe nikaikumbuka barua yako. Mlango utafungwa. Kiherehere atarudi kufundisha.

Mimi nimefungua saa miaka thelathini na tano. Nalaza vipande sitini mezani na kuvirudisha mahali pake bila karatasi. Herufi ishirini na moja ni kitu gani kwangu? Nilikusudia kusema tano na kunyamaza, tano ulizosema ni habari njema. Nilipofika ya tano nesi akaweka mkono mdomoni. Akamwita daktari, daktari akamwita mwenzake, wakasimama watatu nyuma ya kiti changu bila kupumua. Nikashindwa kukoma. Nilifurahia, hilo nalo nakwambia. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyenitazama hivyo.

Baada ya hapo nikawa nafanya mazoezi kila asubuhi kwa hofu ya kipimo kijacho.

Umeuliza naona nini. Kabla ya upasuaji, nikitazama fremu ya mlango kwa jicho la kulia, ilikuwa imepinda katikati kama imechomwa moto. Sasa imenyooka. Nilianza kuona hivyo wiki ya sita. Nikimtazama mke wangu kwa jicho hilo naona kwamba pale pana uso, ila siwezi kusema ni wa nani. Zamani hapakuwa na kitu. Hilo la mlango sikumwambia mtu yeyote hospitalini, kwa sababu halina herufi.

Nilidhani nakusaidia. Nimekuharibia, na nimewaharibia watu nisiowajua. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hata hivyo.

Kaka yako

*

Maabara, 30 Novemba

Kaka,

Shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa naitwa na kamati kila wiki. Nimeondolewa kwenye uongozi wa majaribio. Siruhusiwi kugusa takwimu wala kuingia hospitali. Mkuu wangu akiniona kwenye korido anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu ofisini. Wafadhili wamesema watatazama vipimo vipya kabla ya kuamua wafunge au wasifunge.

Niliwaambia na langu pia. Niliwaambia niliziona zile picha, nikajua hazilingani na herufi, nikanyamaza kwa kuwa nilipenda nilichosikia. Mwenyekiti aliniuliza kama nataka maneno hayo yaandikwe. Nikasema yaandikwe. Na barua ile ya Februari, ya mlango kufungwa, ni mimi niliyekuandikia, nikakutwika mzigo ambao mgonjwa hapaswi kuubeba. Hatukuwa wawili tofauti kwenye kosa hili, Kaka. Nimekusamehe, na ilinichukua siku nyingi, usidhani ilikuwa rahisi.

Sasa sikiliza. Nimerudi kwenye kabati la joto, na hapo hawajanitoa. Kila asubuhi nabadilisha maji ya lishe, nahesabu seli, natafuta zile chache ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, maana moja ikiingia jichoni hivyo inaweza kuota uvimbe. Fundi wetu mkavu ananisaidia bila kuulizwa. Siachi. Wakifunga mlango huu nitagonga mwingine na sahani zangu mkononi.

Mwezi Machi wote sita mtapimwa upya, na watu wa taasisi nyingine. Ubao utabadilika kwa kila jicho na kila safari. Nimeomba waongeze pia kipimo cha mistari iliyonyooka, kwa sababu ya fremu ya mlango wako. Kama jicho linarudi, huenda linaanza na mistari kabla ya herufi, na sisi tulikuwa hatuulizi. Wamekubali, ila hawajui wazo limetoka kwa nani.

Watakuita. Una haki ya kukataa na hakuna atakayekulaumu. Nakuomba uende. Pale usipoona, sema huoni.

Mdogo wako,
Kiherehere

*

Maabara, 24 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wamefungua vipimo leo na nimeruhusiwa kusikia. Wawili wale wa mwanzo wamebaki na herufi zao tatu tatu. Mistari imenyooka kwa wanne kati ya sita. Hakuna uvimbe kwa yeyote. Ni kidogo, lakini kimehakikishwa na watu wasiotupenda.

Wafadhili hawafungi. Arobaini imekufa, wametupa kumi na wawili. Kiongozi ni mwingine, kijana mzuri, mgumu kama msumari. Seli ni zangu, nitazikuza mimi. Nimemkabidhi orodha ya vipimo vyote anavyopaswa kuvifanya ili kunikamata nikikosea, akaisoma yote, akaongeza viwili.

Idadi ya herufi za mgonjwa wa nne sikuiuliza. Nilitoka kabla hawajaifikia. Nataka kuisikia kwako. Ilikuwaje mle chumbani?

Kiherehere

*

Karakana, 2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii iko kichwani tangu Machi. Nilisubiri unipe ruhusa.

Nesi alikuwa yuleyule. Nilimsalimia, akanijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Nyuma yake alikaa mwanamke nisiyemjua, wa hiyo taasisi nyingine, na daftari. Vioo vilikuwa viwili, vipya. Walifunika jicho la kushoto kwanza, wakaweka na plasta juu ya kifuniko. Nikawaambia wakaze.

Nataka ujue jambo moja. Ningeweza kubahatisha. Herufi wanazotumia ni kumi tu, nazijua zote, na mtu akibahatisha hizo ishirini na moja za ubao hakosi kupata mbili tatu. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale. Jasho lilinitoka kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Ya kwanza nikasema sioni. Nesi akasema nijaribu. Nikasema nimejaribu, sioni. Ya pili sioni. Ya tatu, ya nne, ya tano, sioni. Kila nilipolisema lilizidi kuwa zito, wala usiamini anayesema ukweli unapunguza uzito. Nilikuwaza wewe na sahani zako.

Ya sita nilikaa nayo. Kulikuwa na kitu. Niligeuza kichwa kidogo, kile kipande chako cha pembeni kikaipata, na nikaona duara. Nikataka kusema O. Nikangoja. Nikaona duara halifungi, upande wa kulia pamekatika. Nikasema C. Mwanamke wa nyuma akaandika.

Halafu sioni, sioni, sioni, mpaka nikapoteza matumaini, na karibu na mwisho ikaja Z. Ile sikuhangaika nayo, niliziona pembe zake zote mbili.

Nilipomaliza nikauliza nimepata ngapi. Nesi akasema haruhusiwi kusema. Nikamwambia haina haja, nimehesabu mwenyewe. Sioni kumi na tisa, na mbili.

Wifi yako alikuwa amesimama nje. Nilimwambia mbili, naye akasema, "Mbili za kweli?" Nikasema za kweli. Akanishika mkono tukashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane sikuwa naogopa kuulizwa kitu.

Zile ishirini na moja nilikuwa nakupa wewe. Hizi mbili nimeziona mimi. Hakikisha wameandika mbili.

Kaka yako,
Mgonjwa wa Nne